Dawa za kichwa za dukani kwa mwenye kifafa: ipi inunuliwe, ipi iachwe rafuni

Dirishani kwa duka la dawa ombi ni lile lile kila siku: "Dada, nipatie ya kichwa." Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinne kutoka kwenye pakti, anapokea hela, mteja anaondoka. Wengi hupona na habari huishia hapo. Ila kwa mtu anayemeza dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini, fenobabitali au valproeti kila siku, rafu ile ile ina dawa inayomfaa, ina inayogombana na dawa yake, na ina inayoweza kumwangusha. Tumezipitia zinazoombwa zaidi kwenye maduka ya dawa muhimu na famasi, na swali letu lilikuwa hilo tu: inamfaa mwenye kifafa?

Kwanza ajue anamezea kichwa kipi. Watu wenye kifafa hupata kipandauso karibu mara mbili ya watu wengine, na juu yake wapo wanaoumwa kichwa kila baada ya kuanguka. Kichwa hicho cha baada ya kuanguka huanza ndani ya saa 3 tangu tukio liishe na huondoka ndani ya saa 72. Mara nyingi hugonga, huchukia mwanga na huleta kichefuchefu, kwa hiyo hufanana sana na kipandauso. Macho nayo huchanganya watu. Dalili za macho za kipandauso huja polepole, mistari ya pembepembe inayotanda kwa dakika 5 hadi 60. Kifafa kinachoanzia nyuma ya ubongo huleta vimduara vya rangi ghafla, kwa sekunde au dakika mbili tatu tu, na kichwa kikafuata. Mwenye hali hii ya pili akiendelea kununua dawa za maumivu anapoteza fedha, kwani kinachohitaji kurekebishwa ni dozi yake ya kifafa.

Panadol ya kawaida, au parasetamoli yoyote ya miligramu 500 iliyosajiliwa, ndiyo tunayoiweka ya kwanza, na hakuna inayoikaribia. Haichochei kifafa, haichomi tumbo, na kwa dozi za kawaida haisumbui valproeti. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi anameza vidonge 2, anasubiri angalau saa 4, na havuki vidonge 8 kwa saa 24. Hapa tuna tahadhari moja ambayo haimo kwenye maelezo ya haraka ya dirishani. Fenitoini, karbamazepini na fenobabitali hulifanya ini livunje dawa kwa kasi, hivyo parasetamoli huisha nguvu mapema na ile taka yake yenye sumu kwa ini huongezeka. Anayetumia moja ya hizo kwa miaka, hasa akiwa mwembamba, hali vizuri au anakunywa pombe, tungemshauri aishie vidonge 6 kwa siku na asiunganishe siku nyingi mfululizo. Kwa mtoto, hesabu ni miligramu 15 kwa kila kilo: mwenye kilo 12 anahitaji miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, isizidi mara 4 kwa siku. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Kinachoharibu sifa ya dawa hii ni kuchelewa kuimeza. Kipandauso kikishika, tumbo hulegea na kidonge hukaa humo bila kupita. Imezwe maumivu yakiwa bado madogo. Na baada ya kuanguka isitiwe mdomoni mwa mtu ambaye hajarudi sawasawa: ajikalishe mwenyewe, ataje jina lake, anywe maji kidogo bila kukohoa, ndipo apewe.

Panadol Extra ina miligramu 500 za parasetamoli na miligramu 65 za kafeini. Kafeini husaidia kweli, vidonge viwili hufanya kazi kuliko vya kawaida kwa kichwa kigumu. Tatizo ni usiku. Miligramu 130 zikimezwa saa mbili usiku zinaweza kumkosesha mtu usingizi, na kukosa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya kifafa. Tunaikubali asubuhi na mchana. Baada ya saa kumi jioni bora ile ya kawaida.

Vidonge vya mchanganyiko wenye aspirini tunavikataa kwa anayetumia valproeti, na hapo hatulegezi. Aspirini huibandua valproeti kutoka kwenye protini za damu na pia huzuia isivunjwe, kwa hiyo dawa huru mwilini hupanda ingawa dozi haijabadilika. Mtu anaanza kusinzia, mikono inatetemeka, anatapika, na nyumbani wanadhani kipandauso kimezidi, wanampa kingine. Valproeti yenyewe inaweza kupunguza chembe za kugandisha damu, na aspirini huzizuia zilizobaki zisifanye kazi. Kwa watoto na vijana chini ya miaka 16, wawe na kifafa au wasiwe nacho, aspirini ya kichwa isitolewe. Kwa kuwa mchanganyiko huu huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara, usikubali vidonge vilivyokatwa bila jina. Omba uone boksi usome viambato.

Ibuprofeni ya miligramu 400 inashika nafasi ya pili kwetu. Kwa kipandauso inaweza kuwa bora kuliko parasetamoli, na haina ugomvi mkubwa na dawa za kifafa. Imezwe na chakula, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila maelekezo ya daktari, na iachwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hii, au mjamzito. Kile kidonge ambacho wengi hukiita diklopa kina diklofenaki na parasetamoli ndani yake. Huleta nafuu haraka, lakini anayekimeza na Panadol juu yake amekwisha kumeza parasetamoli mara mbili bila kujua.

Kuna hali moja ambayo ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zote hubaki dukani: mtu ameanguka na kugonga kichwa. Dawa hizi huongeza uwezekano wa damu kuendelea kuvuja ndani ya fuvu. Kichwa kikizidi saa baada ya saa, akitapika tena na tena, akisinzia kwa namna isiyo yake, mkono au mguu wa upande mmoja ukalegea, mboni za macho zikatofautiana, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo. Hali kadhalika kichwa chenye homa na shingo ngumu. Mjamzito aliyevuka wiki 20, mwenye kichwa kikali na macho yenye ukungu, apimwe presha mara moja. Akipata degedege, isidhaniwe ni kifafa chake cha zamani hadi kifafa cha mimba kiondolewe shaka.

Tramadoli haimfai kabisa. Hushusha kizingiti cha ubongo cha kuhimili degedege, na inaweza kumwangusha hata mtu asiye na kifafa. Karbamazepini pia huivunja haraka, hivyo mtu haoni nafuu, anaongeza kidonge, na hatari inapanda pamoja na dozi. Ni dawa ya cheti; muuzaji anayeitoa chini ya meza kwa mtu anayejua ana kifafa anamfanyia ubaya mkubwa.

Kwenye rafu ya kichefuchefu, metoklopramidi hutolewa kirahisi mno. Maelezo yake rasmi ya Ulaya yanaikataza kwa mwenye kifafa, kwa sababu inaweza kuongeza idadi na ukali wa matukio. Domperidoni haipenyi sana kwenye ubongo, kwa hiyo ndiyo ya kumuuliza daktari, isipokuwa kwa mwenye matatizo ya moyo. Kutapika kwenyewe ni jambo la kufuatilia: dozi ya asubuhi ya dawa ya kifafa ikitoka pamoja na matapishi, jioni mtu anaweza kuanguka. Ulizeni kliniki mapema ni ndani ya dakika ngapi dozi hurudiwa.

Kujifukiza tunakupinga kwa sababu mbili. Mafuta ya mkaratusi na karafuu maiti yamehusishwa na degedege, hasa yakimezwa au yakitumika kwa wingi. Na mtu akianguka akiwa chini ya shuka na sufuria ya maji yanayochemka, ataungua uso na kifua. Kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, chumba chenye giza na usingizi havina gharama, na kwa kichwa cha baada ya kuanguka ndivyo vinavyofanya kazi kubwa.

Sumatriptani ya miligramu 50 hupatikana kwenye famasi kubwa kwa cheti. Kwa kipandauso halisi ni nzuri sana, ila daktari ajue kuna kifafa, maana degedege limeripotiwa kwa wachache, na mwenye ugonjwa wa moyo hapewi. Dozi ya kwanza isiposaidia kabisa, ya pili haisaidii. Ikisaidia kisha kichwa kikarudi, ya pili imezwe baada ya saa 2 au zaidi.

Hesabuni siku. Parasetamoli au ibuprofeni peke yake kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au michanganyiko, triptani (dawa za kundi la sumatriptani) na tramadoli kwa siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi 3, huzaa kichwa kipya kinachosababishwa na dawa zenyewe. Aliyefika huko haongezewi kidonge, anahitaji kinga, na hapa mwenye kifafa ana nafasi ambayo wengine hawana: topiramati na valproeti huzuia vyote viwili, kifafa na kipandauso. Topiramati huanzwa miligramu 25 usiku na kupandishwa taratibu kila wiki. Huleta ganzi ya vidole na mawe ya figo, kwa hiyo maji yanywewe kwa wingi. Valproeti kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba ni hatari: takriban mtoto 1 kati ya 10 aliyekuwa tumboni dawa ikitumika huzaliwa na kasoro za mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kukua kiakili. Topiramati nayo ina madhara kwa mimba. Hakuna inayoachwa ghafla kwa woga; mwanamke arudi kliniki abadilishiwe.

Wakati huo huo azungumzie uzazi wa mpango. Kipandauso chenye dalili za macho na vidonge vyenye estrojeni kwa pamoja huongeza hatari ya kiharusi, na karbamazepini, fenitoini na fenobabitali hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya mkononi. Kitanzi cha shaba hakiguswi na dawa hizo.

Kuhusu huduma ya dirishani, duka tunalolisifu ni lile ambalo muuzaji anauliza, "Mama, kuna dawa nyingine anayotumia kila siku?" kabla ya kushika mkasi. Lisilouliza, mteja aanze mwenyewe: abebe boksi la dawa ya kifafa, aseme kama ameanguka karibuni na kama amejigonga. Na akiwa anatumia karbamazepini, kichwa kikaja na kuona vitu viwili viwili na kupepesuka siku chache baada ya kuanza erithromaisini au klarithromaisini, asiuziwe dawa ya maumivu hata kidogo. Hiyo ni karbamazepini iliyopanda kupita kiasi, na aliyeandika antibiotiki hiyo aambiwe siku hiyo hiyo.