Zawadi za Krismasi kwa bei ya jumla Kariakoo: uzoefu wangu

Sisi watu wa Kilimanjaro tunaoishi Dar es Salaam, Desemba ni mwezi wa kupanda nyumbani, na nyumbani hupandi mikono mitupu. Kuna wazazi, mama mkwe, shangazi, watoto wa kaka, na yule jirani aliyewaangalia wazee mwaka mzima. Kwa orodha ndefu namna hiyo, ukinunua kimoja kimoja Mlimani City au kwa wauzaji wa Instagram, Januari itakukuta umekauka. Mimi zawadi zangu nachukua Kariakoo kwa bei ya jumla, na kwa mtu mwenye familia kubwa sijaona pengine panapoifikia.

Wengi wanadhani bei ya jumla ni ya wafanyabiashara tu. Si kweli. Maduka mengi yanauza jumla na rejareja, na ukichukua pisi tatu au nusu dazani ya kitu kimoja bei inashuka palepale. Mimi na dada zangu tunachanga, tunachukua vitenge pamoja, kisha kila mmoja anaondoka na vyake. Kwenye doti ya khanga peke yake nimeokoa Sh 2,000 mpaka 3,000 ukilinganisha na duka la mtaani kwetu. Zidisha kwa mama, mama mkwe na mashangazi wote, utaona ni nauli ya mtu.

Muda ndio kila kitu. Nenda Novemba, asubuhi, siku ya kazi. Wiki mbili za mwisho kabla ya sikukuu Mtaa wa Kongo haupitiki, vibaka wako kazini, na muuzaji hana sababu ya kukupunguzia wakati nyuma yako kuna watu wanaosubiri kulipa. Panda mwendokasi mpaka Gerezani, gari lako liache nyumbani. Beba orodha yenye jina la mtu na kiasi chake. Pesa taslimu iwe kidogo, kwa sababu maduka mengi yana lipa namba.

Kwenye khanga nina neno. Soma jina kabla hujalipa, doti kwa doti. Mama mkwe akifungua zawadi akakuta fumbo la kumsema mtu, rangi nzuri haitakusaidia. Shika kitambaa pia. Pamba halisi inanyonya maji na inalainika kadiri inavyofuliwa, zile za poliesta zinang'aa dukani lakini mvaaji anatokwa jasho. Kwa mama mwenye kuivaa shambani na jikoni, ongeza hela kidogo uchukue pamba.

Ila zawadi iliyonifurahisha kuliko zote ni sare za shule. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, na mzigo huo unaanguka Januari, siku chache tu baada ya pilau na soda. Kwa hiyo watoto wa kaka yangu nawapelekea shati jeupe, kaptula au sketi ya bluu, soksi na dazani ya madaftari. Vipimo namwomba wifi anitumie mapema, halafu naongeza saizi moja kwa sababu watoto wanakua. Kuna watu waliniambia sare si zawadi, mtoto anataka gari la betri. Mimi nimemwona mtoto akiijaribu sare mpya mbele ya bibi yake, akizunguka ili aonekane mgongo, na nimemwona baba yake akishusha pumzi. Naongeza mpira mmoja wa wote, na uwanja unajaa mpaka jioni.

Usibebe kila kitu kutoka Dar, kwani hapo ndipo akiba inapopotea. Sukari inatengenezwa kiwanda cha TPC, palepale Moshi, na mchele unalimwa tambarare za Chekereni na Mabogini. Vyote hivyo nanunua nikishafika. Mablanketi mazito ya wazee pia nauliza kwanza bei ya soko la Mbuyuni, maana mabasi ya Desemba yanatoza mzigo, na blanketi la kilo nne linaweza kukugharimu njiani kile ulichookoa dukani.

Sasa kasoro, na hizi zinaniudhi kweli. Kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kiko karibu kila duka, kwa hiyo kunjua kila nguo, angalia zipu, vifungo na mishono kabla hujatoa pesa. Kuna duka moja nilitajiwa bei mbili, ya chini kwa asiyetaka risiti. Niliondoka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni haki yako na ni wajibu wako, na bila hiyo huna cha kushika siku ukigundua katoni imepungua. Wanaume kwa wanawake, msikubali pia kuvutwa mkono na wale vijana wa mlangoni, maana wanalipwa kwa kukuleta na hela yao inaingizwa kwenye bei yako. Ingia mwenyewe, uliza maduka matatu, kisha rudi kwa yule aliyekujibu kwa adabu. Bei yake mara nyingi haipishani na wengine, na mwaka ujao atakukumbuka.

Redio, simu na taa za sola sichukui kwa jumla. Baba yangu anataka redio inayokamata mlimani, na kitu cha namna hiyo nanunua duka lenye waranti ya maandishi, nikiwashiwa na kuisikiliza mwenyewe, hata kama bei iko juu.