Kunyanyua Suzuki Jimny Nyakato: kazi ya siku mbili na marudio ya siku moja

Gari langu ni Suzuki Jimny ya milango miwili, toleo la JB43, na kwa miaka sita nimeliendesha kati ya Mwanza mjini, Sengerema na Ukerewe nikiwafuata wafugaji wa samaki wa vizimba, katika mialo ambayo mingine haina barabara bali alama za matairi tu. Mwezi Machi nililipeleka kwenye gereji moja ya Nyakato, hapa Mwanza, ili linyanyuliwe kwa kufungwa springi ndefu na shokapu mpya. Kwa kuwa limekwisha kupita masika yote likiwa na mfumo huo, naona sasa ninaweza kuieleza kazi hiyo kwa haki. Jina la gereji silitaji, kwa sababu lipo jambo moja kubwa walilokosea, ingawa walilirekebisha bila ubishi.

Kilichonisukuma ni udongo wa mbuga. Mvua ikinyesha, Fuso zinazobeba dagaa huacha mitaro miwili mirefu njiani, na katikati hubaki tuta la udongo mweusi ambalo likikauka huwa gumu kama tofali. Jimny ni jepesi na hupita mahali pengi ambapo magari makubwa hukwama, lakini tumbo lake lilikuwa likilalia tuta hilo na magurudumu yakabaki yanazunguka bila kushika kitu. Mara mbili nilitolewa kwa majembe na wavuvi ambao hata hawakunifahamu.

Niliingia gereji nikitaka gari lipande milimita 75. Nilipomwamkia fundi mkuu, mzee wa makamo ya baba yangu, hakuniuliza kwanza nina shilingi ngapi, bali aliniuliza ninabeba nini, kilo ngapi, na kwa siku ngapi za juma. Kisha akanikatalia. "Mwanangu, hili gari ni fupi," alisema. "Ukilipandisha hivyo litakuwa kama kigoda chenye miguu ya meza." Maelezo yaliyofuata yalikuwa sahihi kabisa. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Jimny lina milimita 2,250 tu, kwa hiyo hata propela shafti zake, vile vyuma vinavyozunguka kupeleka nguvu kwenye ekseli, ni fupi, na shafti fupi huinama zaidi kuliko ndefu kwa kimo kilekile, jambo linaloleta mtikisiko na kula misalaba yake, yaani viungo vya kwenye ncha zake, mapema. Tena gari fupi lililo juu huyumba zaidi kwenye kona na huinamisha pua zaidi linapofunga breki. Tukakubaliana milimita 40.

Jambo jingine alilonieleza, ambalo wauzaji wengi wa spea hawalisemi, ni kwamba springi hunyanyua bodi na chesisi, lakini hazinyanyui difu, lile bonge la gia la katikati ya ekseli, hata kidogo. Difu imekaa kwenye ekseli, na ekseli hubebwa na tairi. Ukitaka difu ipande, sharti ubadili tairi. Nilikuwa na 205/70R15, zenye kipenyo cha takriban milimita 668. Nikahamia 215/75R15, zenye takriban 704. Tofauti ni milimita 36, na difu hupata nusu yake, yaani 18. Ni kidogo, lakini kwenye jiwe milimita 18 huonekana. Ujue pia kwamba kwa tairi hizo mshale wa spidi ukisoma 80, mwendo wako halisi unakaribia 84.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, kijana wake alipima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, akaandika namba nne kwa chaki sakafuni. Upande wa dereva nyuma ulikuwa umeshuka milimita 12 kuliko wa abiria, nami sikuwa nimewahi kulitambua hilo. Zile namba za chaki ndizo zilizonifanya niwaamini, maana bila hizo hakuna anayeweza kusema baadaye gari limepanda kiasi gani.

Kufunga springi zenyewe hakukuchukua hata nusu siku. Kazi yenyewe ilianza baada ya hapo. Ekseli za Jimny zinashikiliwa zisiende pembeni na fimbo moja ya mshazari, ambayo ncha yake moja iko kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli. Gari likipanda, fimbo husimama zaidi, na kwa kuwa urefu wake haubadiliki, ekseli huvutwa upande mmoja. Fundi alining'iniza timazi kwenye madigadi ya kushoto, kisha ya kulia, akanionyesha kwa kidole jinsi tairi la mbele lilivyotokeza upande mmoja na kuzama upande wa pili. Tukafunga fimbo ya kurekebishika, akaizungusha nusu mzunguko kwa nusu mzunguko hadi timazi ikasema sawa pande zote mbili.

Halafu kuna kasta. Atakayeangalia baiskeli kwa ubavu ataona uma wa mbele umelala kidogo kurudi nyuma. Mlalo huo huisaidia baiskeli kwenda moja kwa moja hata ukilegeza mikono. Ekseli ya mbele ya Jimny nayo ina mlalo wa namna hiyo, na gari likinyanyuliwa mikono inayoishikilia huinama, mlalo ukapungua, usukani ukawa mwepesi na wa kutangatanga. Dawa yake ni bushi maalumu ambazo tundu lake haliko katikati. Zilinigharimu shilingi 180,000 ambazo hazikuwamo kwenye hesabu ya kwanza, na hapo ndipo ninapowalaumu kidogo: mzee alijua tangu mwanzo kwamba zitahitajika, basi angeziandika tangu mwanzo. Hata hivyo nashauri mtu asizikwepe. Nililijaribu gari bila hizo kwenye barabara ya Magu, na kwa kilomita 80 kwa saa nilikuwa ninasahihisha usukani kila baada ya mita chache huku mabasi yakinipita.

Walichofanya vizuri kuliko nilivyotarajia ni ukaguzi wa mwisho. Waliinua chesisi kwa jeki hadi magurudumu yakaning'inia, kisha wakapitisha tochi kwenye mipira ya breki, mmoja baada ya mwingine, kuona kama umevutika. Wa mbele kulia ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, wakaubadilisha kwa mrefu. Wakakagua pia vipaipu vya hewa vinavyofunga habu za mbele, kwa sababu kikivutika na kuchomoka, unaweza kubonyeza foo wili ukiwa matopeni na magurudumu ya mbele yasiitike.

Kosa lao lilijitokeza baada ya wiki tatu. Nyuma palianza kulia kama kitanda cha zamani kila nilipopita tuta, na bushi mbili nilizozikuta nzima zilikuwa zimeanza kupasuka. Bolti za mikono ya nyuma zilikuwa zimekazwa gari likiwa bado juu ya stendi. Bushi ya mpira ikikazwa hivyo hushikwa ikiwa imejipinda, na gari likitua chini hubaki linaikamua mchana na usiku. Inatakiwa bolti ziachwe nusu, gari lishushwe juu ya matairi yake, lisukwesukwe, ndipo zikazwe. Niliporudi, mzee alilala chini mwenyewe, akatoka akiwa kimya, akamwita kijana wake na kumwonyesha. Bushi mpya hawakunitoza, wala kazi. Taa za mbele pia hazikuwa zimeshushwa, na usiku wa kwanza kupita Igoma kila dereva niliyekutana naye alinimulika.

Sasa gari linapita juu ya lile tuta la katikati bila kugusa, na bampa haikwaruzi tena ninapopanda kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi. Likiwa na mzigo wangu wa kawaida, kama kilo 120 za vifaa nyuma, linatulia vizuri sana. Likiwa tupu linarukaruka, hasa kwenye barabara yenye mawimbi, kwa hiyo asiyebeba kitu achague springi laini zaidi. Kwenye kona nimejifunza kupunguza mwendo mapema. Na mama yangu mzazi, aliyezidi miaka sabini, sasa hupanda kwa kushikwa mkono. Kwa hilo nimemwekea kigoda kidogo nyuma ya kiti.

Seti ya springi na shokapu, fimbo, bushi na ufundi vilifika shilingi 2,640,000, tairi hazimo. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, huifanyi hapo, kwa kuwa hawana mashine. Wanakuelekeza mjini, nawe ulipe kivyako. Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, maana Fuso zikishaingia uani gari dogo husubiri hadi jioni, na uombe bolti zikazwe ukiwa umesimama hapo, gari likiwa chini. Baada ya kilomita 1,000 rudi zikazwe tena. Hiyo ya pili hawalipishi.