Bunduki ya Kwanza ya Kuwinda Wanyama Waharibifu Marekani: Kwa Nini Ninaanza na Risasi ya .223

Watazamaji wapenzi, karibuni tena. Mezani kwangu leo zipo bunduki tatu, zote za kukoki kwa mkono, zote za risasi ya .223 Remington, na zote hupatikana katika maduka ya silaha ya Marekani: Ruger American Predator, Savage 110 Varmint na Tikka T3x Varmint. Ninazungumza hasa na nyinyi mnaoishi huku, ambao mwenye shamba amewaomba mmsaidie kupunguza kindi wa ardhini wanaotoboa malisho yake, au koyoti, mbwa mwitu wadogo wa Amerika, wanaovizia ndama, nanyi hamjawahi kumiliki bunduki. Kabla sijazishika bunduki zenyewe, nitaeleza kwa nini zote ni za risasi hiyo moja, kwa sababu anayechagua bunduki kwa sura yake kabla ya kuchagua risasi huishia kununua mara mbili.

Mnyama na umbali ndivyo vinavyoamua. Kindi wa ardhini mwenye mkia mweusi (kwa Kiingereza prairie dog), yule anayeishi kwa makundi makubwa katika nyanda za South Dakota, Wyoming na Montana, ana uzito wa kilo moja hivi, na akisimama juu ya shimo lake hafiki urefu wa chupa kubwa ya maji. Milio ya kwanza ikishasikika, walio karibu huingia ardhini, na mwindaji hubaki akilenga wale walio mita 150, 200, hata 300. Marmoti wa mashamba ya Pennsylvania na Ohio, mnyama mnene wa jamii ya kindi, ni mkubwa zaidi, kwa kawaida kilo tatu hadi tano, na mara nyingi hupigwa kwa umbali mfupi pembezoni mwa shamba la soya. Koyoti hufika kilo 15 au kuzidi, na huyo anahitaji risasi yenye nguvu ya kutosha ili afe papo hapo bila kuteseka. Sharti hilo la kifo cha haraka nalipa uzito kuliko jingine lolote. Mnyama kuitwa mharibifu hakumwondolei haki ya kutoteswa.

Wengi hushauriwa waanze na .22 Long Rifle, risasi ndogo iliyopo tangu 1887, ambayo pini huigonga ukingoni mwa ganda. Kwa kujifunzia kulenga sijui iliyo bora kuliko hiyo: ni rahisi, ina mlio mdogo na haisukumi bega. Lakini hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 370 hivi kwa sekunde, na bunduki iliyorekebishwa kupiga sawasawa kwenye mita 45 itakuwa imeshuka sentimita 15 au zaidi ifikapo mita 90, kiasi kinachotosha kumkosa kindi kabisa au, vibaya zaidi, kumjeruhi. Ndugu yake mdogo, .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002, ni hatua kubwa mbele. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, kina gramu 1.1 na huenda kwa takriban mita 777 kwa sekunde, na hadi mita 130 hivi hupiga kwa usahihi unaofurahisha. Tatizo lake ni wepesi. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaweza kukisogeza kichwa hicho karibu sentimita 20 kwenye mita 140, na katika nyanda za Wyoming upepo wa namna hiyo ni hali ya kila siku. Kama shamba lenu ni la marmoti, lina miti pembeni na nyumba za majirani si mbali, .17 HMR inaweza kuwatosheleza, na sitabishana nanyi.

Upande wa pili zipo risasi zinazowavutia wanunuzi wapya kwa kasi yake: .220 Swift ya mwaka 1935, .22-250 na .204 Ruger. Risasi hizi ni nzuri kweli. .22-250 hukitoa kichwa cha gramu 3.6 kwa zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, na kwa umbali wa mita 300 humsamehe mlengaji aliyekosea kukadiria umbali. Hata hivyo hutumia baruti zaidi ya theluthi moja kupita .223, na baruti hiyo ya ziada huupasha mtutu joto na kuula mapema mahali inapoanzia mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa cha risasi. Katika makazi ya kindi mtu anaweza kufyatua risasi mia moja au zaidi kwa siku moja, na mtutu uliopata moto hauwezi kupumzishwa kwa maneno. Kisha ipo bei. Kwa kuwa .223 ilizaliwa katika miaka ya 1960 pamoja na bunduki ya jeshi la Marekani, viwanda vingi huitengeneza kwa wingi, na boksi lake mara nyingi huwa nafuu kuliko la .22-250. Mwanafunzi anahitaji kufyatua sana. Risasi anayoimudu ndiyo itakayomfundisha.

Sasa tuzitazame bunduki. Ruger American Predator ndiyo nyepesi na ndiyo ya bei ya chini kati ya hizi tatu. Ina uzito wa kilo tatu hivi bila darubini, mtutu wa sentimita 56, na mifereji inayozunguka mara moja kila inchi 8, jambo linaloiwezesha kutuliza vichwa vyepesi na vizito pia. Kitako chake ni cha plastiki nyepesi, na sehemu ya mbele hulegea kidogo ukiikandamiza juu ya kitegemeo cha miguu miwili. Ilazeni juu ya mfuko wa mchanga, nayo itatulia. Kwa mtu anayetembea mbali akiwaita koyoti, ningemkabidhi hii bila kusita.

Savage 110 Varmint ni kinyume chake. Mtutu wake mnene una urefu wa sentimita 66, na uzito huo unaoudhi begani ndio unaoifanya itulie mezani na kuchelewa kupata joto. Kinachonifanya niiheshimu ni kifyatulio chake, ambacho mwenye bunduki anaweza kukilegeza au kukikaza mwenyewe, huku kibati chembamba kilichopo katikati kikizuia bunduki isifyatuke kwa kugongwa. Kifyatulio kizito humfanya mgeni auvute mtutu pembeni bila kujua, naye hulaumu darubini. Kwa anayekaa mahali pamoja siku nzima mbele ya makazi ya kindi, hii ndiyo chaguo langu.

Tikka T3x Varmint, inayotengenezwa Finland, ina komeo, kile chuma unachovuta ili kukoki, linaloteleza kwa ulaini ambao hizo mbili hazina, na kiwanda huahidi kwamba risasi tatu zitakaa ndani ya inchi moja kwenye yadi 100. Ni bunduki bora kuliko zote hapa mezani. Nasema wazi, lakini, kwamba mnunuzi wa kwanza ambaye fedha zake zina mpaka atafaidika zaidi akichukua moja ya zile mbili na kuiweka tofauti ya bei kwenye darubini na risasi. Darubini ya ukuzaji wa 4 hadi 12 inatosha. Itafuteni yenye kirekebishi cha umbali, kwa sababu bila hicho alama ya kulengea huonekana kuhama jicho linaposogea.

Kuhusu sheria, nisikilizeni kwa makini. Muuzaji mwenye leseni atawapa Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununulia silaha, na kuwafanyia ukaguzi wa kumbukumbu. Bunduki ya aina hii inahitaji umri usiopungua miaka 18, na baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au aingie katika misamaha michache iliyotajwa na sheria. Kosa hapo linaweza kuharibu maisha yake yote huku, kwa hiyo amwone kwanza mwanasheria. California, tangu Julai 2019, inakataza risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi (lead) katika uwindaji wote. Zipo pia sehemu ambako kindi wenyewe wanalindwa: aina ya Utah iko katika orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini, na katika Conata Basin, South Dakota, kindi ndio chakula cha fereti wa miguu myeusi, mnyama mdogo mla nyama aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena Wyoming mwaka 1981. Ombeni ruhusa ya mwenye ardhi, na msiwaguse kindi waliokufa kwa mikono mitupu, kwani viroboto wao wanaweza kubeba tauni.

Usalama hauna njia ya mkato. Hata ile .22 ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo msifyatue kamwe kuelekea kilele cha kilima chenye anga tupu nyuma yake. Tafuteni udongo unaoonekana nyuma ya mnyama. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka mtakapokuwa mmekwisha kulenga, na masikio na macho yafunikwe kila mara.

Mkishainunua, chukueni aina tatu za risasi zenye ncha ya plastiki na kichwa cha gramu 3.2 hadi 3.6, nendeni uwanja wa shabaha siku isiyo na upepo, mfyatue tano tano za kila aina kwenye mita 90 huku mkiuacha mtutu upoe kati ya aina na aina. Ile inayoyaweka matundu karibu zaidi ndiyo mnunue kwa wingi, kisha rekebisheni darubini ipige sawasawa kwenye mita 180. Kwenye mita 270 mtarajie mshuko wa takriban sentimita 20, na mthibitishe kwa karatasi kabla ya kumlenga mnyama yeyote kwa umbali huo.