Maltimita ya DT830B: bao la maabara inaliweza, DB (sanduku la breka) haiwezi

Anayeanza kusomea umeme, awe chuo cha Karume pale Mbweni, Zanzibar, au vyuo vya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, hawezi kwenda mbali bila kipimo chake mwenyewe. DT830B, ile ndogo ya swichi ya kuzungusha katikati, ni miongoni mwa za bei ya chini kabisa madukani. Kwa saketi za betri na rezista inatosha. Betri mpya ya volti 1.5, swichi ikiwa kwenye 20 ya DC, husoma 1.5 na ushei mpaka 1.6, na hapo huna cha kulalamika.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji atie betri ya volti 9. Weka swichi kwenye 200 ya omu, gusanisha ncha mbili, kisha zikunjekunje waya pale zinapoingia kwenye pini. Inatakiwa isome chini ya 1 na itulie. Namba zikirukaruka, nyuzi za shaba zimeshakatika ndani ya mpira. Omba waya nyingine. Mita hizi mara nyingi hufia kwenye waya, kisanduku chenyewe kikiwa kizima.

Matundu ni matatu, na hapo ndipo penye hatari. Waya mweusi hukaa COM, hauhami. Mwekundu hukaa VΩmA, lenye fyuzi ndogo ya kioo ya miliampia 200 au 250. Tundu la 10A halina fyuzi, na pembeni yake imeandikwa hivyo. Mwanafunzi akimaliza kupima mkondo, akausahau mwekundu humo, kisha akachomeka ncha kwenye soketi apime volti 230, ameshapiga shoti laivu na nyutro: nyuma ya tundu lile mna kipande kinene cha waya tu. Breka ikichelewa, waya za mita humyeyukia mkononi. Kosa jengine ni kugusa soketi huku swichi iko kwenye omu. Rezista za ndani huungua, lakini skrini inabaki hai na kusoma uongo, kwa hiyo mwenyewe hajui kama ameiua.

Volti za nyumbani, ukilazimika kuzipima, zipime kwenye 750 ya AC. Ukiweka 200, itatokea 1 peke yake upande wa kushoto. Maana yake imezidiwa, si kwamba pana volti moja. Na alama ya betri ikitokea, badilisha siku ile ile: betri ikichoka namba hupanda badala ya kushuka, soketi ya 230 ikasoma 250, ukawasingizia ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, bure. Haijizimi yenyewe, basi irudishe OFF kila ukimaliza.

Isichoweza ni kingi. Mkondo wa AC haipimi kabisa, kwa hiyo pampu ya hoteli ukiwa mafunzo kwa vitendo huko Nungwi au Paje hutaijua inakula ampia ngapi. Uzima wa mpira wa waya nao si kazi yake: hiyo ni ya megga, kipimo cha mpira wa waya kinachotumia volti 500, na ikisoma chini ya megaomu 1 waya haukubaliki. DT830B hupima omu kwa volti chache mno, hivyo waya ulionyonya unyevu wa bahari ndani ya ukuta utaonekana mzima kabisa.

Kwa DB tafuta mita ya kubana, ile inayoshika waya kwa nje na kupima mkondo wake, iliyoandikwa CAT III, yaani daraja la usalama la kupimia umeme wa ndani ya jengo. Ukiipata, bana waya mmoja tu. Ukibana laivu na nyutro pamoja itasoma sifuri hata pampu ikivuma. Hii ndogo ibaki kwa bao na kwa waya uliokatwa umeme. Nunua na fyuzi mbili za akiba za kipimo kile kile, maana ile ya VΩmA ikikatika wapo wanaoizungushia karatasi ya fedha ya pakti ya sigara, na hapo tundu la pili nalo limegeuka kuwa kama la 10A, halina fyuzi.