Uzoefu wangu: Sikukuu ya skonzi kisiwani Cheung Chau, Hong Kong

Nyota nne kati ya tano. Nianze na la msingi: anayekwenda Cheung Chau kwa ajili ya mashindano ya kupanda mnara wa skonzi tu, uhondo wenyewe utampita. Hii ni ibada ya watu wa kisiwa. Wanaiandaa wao, wanaichangia wao, na mgeni anaruhusiwa kusogea karibu kuliko nilivyotarajia. Raha yake iko hekaluni na vichochoroni, na sehemu kubwa ya raha hiyo haina kiingilio.

Kwa asiyekijua, Cheung Chau ni kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa kusini-magharibi wa Hong Kong, chembamba katikati, kipana kwenye ncha zote mbili. Kila mwaka, mwezi wa nne wa kalenda ya Kichina, wenyeji hufanya matambiko ya Kitao, dini ya jadi ya Kichina, ya kuituliza mizimu inayotangatanga na kumshukuru Pak Tai, mungu wa kaskazini na wa maji, ambaye wavuvi humtegemea. Wazee wa pale husimulia kwamba mwishoni mwa utawala wa Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, kisiwa kilipatwa na tauni. Watu wakamtoa Pak Tai hekaluni, wakamzungusha vichochoroni, na maradhi yakakoma. Mpaka leo anazungushwa. Tangu 2011 sikukuu hii imo katika orodha ya taifa ya China ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kilele ni siku ya nane ya mwezi huo, ambayo ni siku ya kuzaliwa Buddha na ni mapumziko Hong Kong nzima. Kwa hiyo tarehe huhama: mwaka 2024 ilikuwa Mei 15, mwaka 2025 ikawa Mei 5. Itazame kalenda kabla hujakata tiketi ya ndege.

Kufika ni rahisi. Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaofuata mizigo Guangzhou hupitia Hong Kong na kulala Chungking Mansions, jengo lenye nyumba nyingi za wageni za bei nafuu pale mtaa wa Tsim Sha Tsui, nami nililala huko huko. Unavuka kwenda Central, katikati ya jiji, unatafuta gati namba 5, unagusa kadi ya Octopus, ile ya kulipia nauli, unapanda. Boti ya kasi huchukua kama dakika 40, ya kawaida karibu saa nzima. Panda ile ya kawaida wakati wa kwenda kama huna haraka, maana ina upepo na unaziona meli za mizigo zikipishana. Siku ya kilele foleni ya gatini ni ndefu mno, na hapo ndipo nyota moja ilipoanza kupungua. Watu walisimama kwenye jua, wazee na watoto wachanga wakiwemo, bila maji wala kivuli cha kutosha, na wahudumu wachache waliokuwepo walizidiwa. Ukiweza, vuka mkesha wake au asubuhi na mapema, kabla ya saa tatu.

Mimi nilivuka mkesha, na ni uamuzi ninaomshauri kila mtu. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Mombasa anayefanya kazi ya kusafirisha mizigo. Yeye huja kila mwaka, na ndiye aliyenipeleka moja kwa moja hekaluni badala ya ufukweni. Hakuna magari kule, ila baiskeli na vigari vidogo vya kubebea mizigo, na vichochoro ni vyembamba hivi kwamba mtu wa Lamu angejiona yuko nyumbani.

Hekalu la Pak Tai lilijengwa mwaka 1783 na watu waliohamia kutoka Huizhou, bara. Ndani kuna upanga wa chuma ambao wavuvi waliuopoa baharini, na inasemekana ni wa enzi za wafalme wa kale wa Song. Lakini siku za sikukuu macho huishia nje, uwanjani, kwenye minara mitatu mikubwa ya mianzi iliyofunikwa skonzi kuanzia chini hadi juu. Hizo ni skonzi za kweli, nyeupe, kila moja imegongwa muhuri mwekundu wa kuombea amani. Ni sadaka. Pembeni limesimama jukwaa la opera ya Kikantoni lililojengwa kwa mianzi iliyofungwa kwa kamba, na mbele yake viti vya plastiki vimejaa mabibi wanaojipepea kwa pepeo huku wakizifuata nyimbo neno kwa neno. Niliketi nyuma yao muda mrefu. Sikuelewa maneno, lakini mwimbaji alipovuta sauti kwa namna fulani, safu nzima ya mbele ilitikisa kichwa kwa pamoja, nikajua pale pamependeza.

Upande mwingine wa uwanja wamesimama miungu wa karatasi. Mkubwa wao ni Dai Si Wong, mfalme wa mizimu, ana uso wa kutisha na rangi kali, na kazi yake ni kuisimamia mizimu inapokuja kula sadaka isije ikawadhuru watu. Makuhani wa Kitao wenye majoho hupita mbele yake wakisoma dua, upatu na matoazi yakilia, moshi wa udi ukiwafunika. Usiku wa mwisho anachomwa moto. Ile kazi ya mikono, mianzi iliyopindwa na karatasi iliyokatwa maua madogo madogo, yote inaishia majivu, na mwakani wanaanza upya. Nilisimama mbele yake nikimwaza fundi.

Niseme jambo kwa wasomaji Waislamu, maana niliulizwa na wengi niliporudi. Mimi ni Mwislamu. Sikuchoma udi wala sikuinama mbele ya sanamu, na hakuna aliyenitazama vibaya wala kunishinikiza. Nilisimama pembeni, nikavua kofia, nikanyamaza wao walipokuwa kwenye dua. Mzee mmoja wa kamati aliyevaa fulana ya kikundi chao alinionyesha kwa mkono mahali pa kusimama ili nione vizuri bila kukatiza njia ya makuhani. Adabu ya kawaida inatosha.

Chakula sasa. Siku tatu za matambiko, kisiwa hakili nyama. Migahawa mingi hubadilisha orodha, na hata McDonald's ya pale bandarini ilikuwa ikiuza baga za uyoga. Kwa sisi tunaojiepusha na nguruwe, hizi ni siku nyepesi kuliko zote za kula Hong Kong. Nilikula tambi za kukaanga na uyoga mweusi, tofu iliyochomwa juu ya moto wa makaa, na mchuzi wa mboga ambao ningeurudia kila siku. Si kila mgahawa unaoifuata saumu hiyo, wapo wanaoendelea kuwauzia wageni samaki na kamba, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza.

Skonzi zenyewe hupikwa kwa mvuke, si kwa oveni. Ni laini, zinanata kidogo menoni, na ndani huwekwa maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, au ufuta, au mbegu za yungiyungi. Niliyoipenda ni ya ufuta: nzito, nyeusi, utamu wake hauchoshi. Ya yungiyungi ni ya watu wenye subira, ladha yake inakuja polepole. Duka maarufu ni Kwok Kam Kee, mtaa wa Pak She, na ukipita mapema utawaona mafundi wakigonga mihuri kwa mkono, skonzi baada ya skonzi, kasi ya ajabu. Kula ingali ya moto. Ikipoa inakuwa ngumu, na wengi wanaoisema vibaya wameila ikiwa baridi. Kuna pia madonge ya samaki makubwa kwenye kijiti, yanayorudi kwa wingi saumu ikimalizika, na donge laini la unga wa mchele unaonata lenye embe ndani. Lile la embe nilinunua kwa hamu nikaona la kawaida. Embe letu dodo limeniharibu.

Maandamano huanza mchana, kama saa nane, na hapa ndipo nilipotoa nyota zangu nne bila kusita. Zinatangulia ngoma za simba na bendera, kisha machela ya miungu, halafu wanakuja watoto. Watoto wadogo, wamevalishwa majoho ya wafalme, mashujaa wa hadithi za kale, hata wanasiasa na wanamichezo wa leo, wanapita juu ya vichwa vya watu kana kwamba wanaelea. Mmoja amesimama juu ya ncha ya upepeo ulioshikwa na mwenzake. Siri ni chuma kilichofichwa ndani ya nguo: nondo iliyokunjwa na fundi ikapita kwenye mkono wa joho hadi kwenye kiti kidogo kisichoonekana, na mtoto amefungwa barabara. Kila mtaa una kundi lake, na wanashindana nani katunga vizuri zaidi.

Kilichonigusa ni wale wanaotembea chini. Kila mtoto ana watu wake: baba ameshika mwavuli kwenye mti mrefu, mama ana chupa ya maji yenye mrija, shangazi anapepea, mtu mwingine ana taulo la baridi. Joto la Mei kule linalemea kwa unyevu, na mtoto mmoja aliyevaa kama jenerali alianza kusinzia karibu yangu. Msafara ukasimama. Wakampandia kwa ngazi, wakamfuta uso, wakamnong'oneza, akacheka, wakaendelea. Umati wote ulipiga makofi. Mwenyeji wangu aliniambia, "Kaka, huyu baba yake naye aliwahi kuelea hivi hivi." Inapokezwa baba kwa mwana.

Simama mtaa wa San Hing au karibu nao, pale njia ilipo nyembamba, ukubali kubanwa. Ukisimama bandarini kuna nafasi zaidi, lakini watoto wanapita mbali nawe. Miungu ikirudi, wabebaji hukimbia na machela kuelekea hekaluni kwa kishindo, kwa hiyo ukisikia upatu umeongeza kasi jibanze ukutani na umshike mtoto wako.

Mashindano ya mnara ni saa sita usiku. Zamani vijana walikuwa wakiivamia minara ile ya sadaka wenyewe, wakiamini skonzi za juu kabisa zina baraka kubwa zaidi. Mwaka 1978 mnara ulianguka ukaumiza watu, serikali ikapiga marufuku, na mchezo ukarudi mwaka 2005 kwa sura mpya: mnara mmoja wa chuma wa mita 14, skonzi ambazo siku hizi ni za plastiki, wapandaji 12 waliofuzu wenye kamba za usalama, dakika tatu. Skonzi za juu zina pointi tisa kila moja, za katikati tatu, za chini moja. Tiketi ni za bure lakini hugawiwa siku hiyo hiyo usiku, na foleni huanza mapema sana. Ni mchezo mzuri, wapandaji ni hodari kweli, wanawake kwa wanaume, na watu hushangilia kwa moyo. Lakini baada ya saa nyingi za kusimama kwa ajili ya dakika tatu, nikiwa nyuma ya vichwa na simu za watu, nilitamani ningekuwa uwanjani nikitazama Dai Si Wong anavyoagwa. Kama una watoto wadogo, wapeleke maandamano ya mchana, usiku walale.

Malazi ndiyo sehemu iliyomaliza ile nyota ya tano. Vyumba vya kupanga ni vichache, na nyumba niliyolala ilipandisha bei ya usiku wa kilele mara mbili baada ya mimi kwisha kuthibitisha. Chumba chenyewe kilikuwa safi, lakini biashara ya namna hiyo inawaumiza wageni na inakitia doa kisiwa chenye watu wakarimu. Pata bei kwa maandishi, au rudi Hong Kong mjini kwa boti za usiku, zipo.

Asubuhi inayofuata skonzi za minara hugawiwa watu hekaluni. Foleni ilikuwa ya wenyeji zaidi, mabibi wenye mifuko ya nguo, wafanyakazi wanaowahi boti ya kwenda kazini. Wengine huzikausha wakaziweka nyumbani mwaka mzima, mtu akiugua huvunjiwa kipande. Nilipofika mbele bibi aliyekuwa akigawa alinitazama, akaniwekea mbili mkononi, kisha akaongeza ya tatu akinionyesha kwa ishara kwamba ni ya watu wa nyumbani kwangu. Nilizipasha kwa mvuke mchana ule ule huko Tsim Sha Tsui, tukala mimi na jamaa wa Kariakoo niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, na yeye tayari ameanza kuulizia tarehe ya mwakani.