Kozi ya mtandaoni ya demokrasia na tabianchi: ni nzuri, ila inamtwisha mpiga kura lawama zote

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya somo la tano peke yake. Jina la waandaaji siliweki maana kuna vitu nitavisema hapa si vya kumsifia mtu, ila aliyewahi kuipitia ataijua tu.

Ni masomo saba, mwalimu mmoja anaongea mbele ya ukuta mweupe, kuna maandishi ya kusoma na kwizi mwisho wa kila somo. Hoja yao ni kwamba watu kuikatia tamaa demokrasia na dunia kuzidi kuwa joto sio majanga mawili yaliyokutana njiani kwa bahati mbaya, yana mzizi mmoja. Kaboni dioksaidi, ile gesi inayopasha dunia joto, ikishatoka, sehemu yake inabaki angani karne na karne. Kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa na sasa imeshavuka 420, halafu anayeamua itolewe au isitolewe anawaza uchaguzi wa miaka minne au mitano ijayo, na atakayelipia hajazaliwa bado, au kazaliwa nchi nyingine ambako hiyo kura haimfikii. Kufikia hapo mi niko nao kabisa.

Somo la pili ni tamu sana kama unapenda falsafa. Anawagonganisha Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, Jefferson mwaka 1789 anamwandikia mwanasiasa mwenzake Madison kwamba dunia ni ya walio hai, na akapiga hesabu kabisa, miaka 19, baada ya hapo sheria na madeni ya kizazi kimoja yasikifunge kinachofuata, na mwaka uliofuata Burke anasema hapana, jamii ni ubia wa waliokufa, walio hai na ambao hawajazaliwa. Yaani mmoja anawapa vizazi vijavyo uhuru, mwingine anawapa hisa, na ukiwaza habari ya gesijoto unaona wote wawili wanatushtaki. Kilichonikera ni kwamba huyo Jefferson aliyekuwa anawaza nani amfunge nani alikuwa anamiliki watumwa, na mwalimu kapita hapo kimyakimya. Swali zima la kozi si ni nani anahesabiwa kuwa wananchi? Sasa hapo unapitaje tu.

La tatu ni lile swali la watu wengi siku hizi, kwamba tusimpe tu mtu mmoja mwenye nguvu aamue haraka, mambo ya kura yanachelewesha. Limejibiwa kwa Bahari ya Aral ya Asia ya Kati, inaitwa bahari ila ni ziwa, na limejibiwa vizuri. Lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, kuanzia miaka ya 1960 wakubwa wa Kisovieti wakaielekeza mito ya Amu Darya na Syr Darya kwenye mashamba ya pamba, na hapakuwa na gazeti huru wala uchaguzi wa kweli wa kumuuliza mtu, ziwa likakauka karibu lote. Uamuzi wa haraka walikuwa nao kweli.

Sasa somo la nne ndo limenipotezea hamu. Zima ni kwamba mpiga kura haoni mbali, anajali mafuta ya gari na tumbo lake, kwa hiyo wanasiasa wanaogopa kufanya lolote. Mfano wanaoutoa ni Ufaransa Novemba 2018, serikali inataka kupandisha kodi ya mafuta, waandamanaji waliovaa vizibao vya njano wanafunga barabara, Desemba serikali inarudi nyuma. Eti ushahidi kwamba raia wa kawaida hawezi kubeba mzigo wa kesho. Lakini jamani, serikali hiyohiyo mwanzoni mwa 2018 ilikuwa imeiondoa kodi ya utajiri, ikabakiza ya majumba na mashamba tu! Mtu anayeendesha gari kwenda kibaruani kwa sababu basi halifiki kwake anaambiwa afunge mkanda, mwenye hisa zake ameshalegezewa, akikataa anaitwa mfupi wa mawazo. Hayo kozi haiyagusi hata kwa sentensi moja, na kwangu ndo yalikuwa moyo wa habari yenyewe.

Kinachochekesha somo la tano linalijibu la nne bila kujua. Baada ya zile vurugu Rais Macron wa Ufaransa akaitisha baraza la raia kuhusu tabianchi, watu 150 waliopatikana kwa bahati nasibu, wakubwa kwa vijana, mjini na vijijini, wakakaa kuanzia Oktoba 2019 mpaka Juni 2020 wakisikiliza wataalamu na kubishana. Wakatoka na mapendekezo 149. Walitaka mwendo kwenye barabara kuu ushushwe mpaka kilomita 110 kwa saa, walitaka ulinzi wa mazingira uingie kwenye katiba, walitaka gawio kubwa la wanahisa likatwe asilimia 4. Rais alikuwa ameahidi kuyapeleka bila kuchuja, akayakataa matatu palepale, likiwemo la mwendo na la gawio, mengine yakapunguzwa makali njiani mpaka sheria ya tabianchi ya 2021, na wale raia walipoambiwa waipe serikali alama walitoa chini ya 4 kati ya 10.

Kwa hiyo nani haoni mbali? Hao ni watu waliookotwa tu kwa bahati nasibu, wakapewa muda na taarifa, wakaenda mbali kuliko waliochaguliwa. Kwa mtazamo wangu ubovu sio kichwa cha mwananchi, ubovu ni kwamba akishasema hakuna mahali panapolazimika kumsikiliza, na hapo ndipo demokrasia na tabianchi zinakwama kwa pamoja. Mwalimu anaisimulia hii habari vizuri mno halafu anahitimisha kwamba "raia wanahitaji kuelimishwa zaidi", nikabaki mdomo wazi.

La sita ni fupi, linahusu watetezi wa vizazi vijavyo. Wales wana kamishna kwa sheria ya 2015, sawa. Iliyonigusa zaidi mimi ni habari ya Hungaria, walikuwa na mtetezi wao anayejitegemea tangu 2008, ilipofika 2012 chini ya katiba mpya akageuzwa naibu ndani ya ofisi ya mtetezi wa haki za raia kwa jumla, kipindi kilekile ambacho mahakama na vyombo vya habari vilikuwa vinabanwa. Walio hai wakinyamazishwa, huyo ambaye hajazaliwa atasemewa na nani?

La saba limelipuliwa. Tuvalu, nchi ya visiwa vya Pasifiki yenye watu kama elfu 11, wamechangia joto la dunia kiasi cha kutoonekana na bahari inawajia, hapa mchuma janga hali na wa kwao, anawapelekea wengine. Vanuatu, visiwa vingine vya hukohuko, ndio walioongoza mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni yake Julai 2025 kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na haya yote yamepewa dakika chache tu wakati Burke kapewa video nzima.

Huduma yenyewe ni ya kawaida. Video zinashuka hata mtandao ukiwa mbovu, maandishi ya chini ya video yana makosa mengi, na kwizi ni za kukariri miaka, unaweza kupata zote bila kuelewa kitu. Niliwaandikia kuhusu swali moja lenye jibu lisilo sahihi, nikajibiwa na roboti kwamba maoni yangu ni muhimu. Cheti kinalipiwa pembeni, mi sikukichukua.

Ukijiunga anza na la pili, rukia la tano, halafu ndo urudi la nne ukiwa na hoja zako.