Nililipia historia ya okestra ya Parma, nikanyamazishwa tulipofika mwaka 1931

Mtu akikuuzia matembezi ya saa mbili na nusu kwa jina la historia ya okestra, kisha ukimwuliza swali la historia akakukunjia uso mbele ya watu, ni kitu gani hasa alichokuuzia? Swali hilo nimekuwa nalo tangu majira ya baridi yaliyopita, nilipokwenda Parma, kaskazini mwa Italia, na kujiunga na kikundi cha watalii kilichoongozwa na kampuni moja ambayo sitaitaja.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili limenichoma. Nimelelewa Unguja katika nyumba ya wapiga taarabu, baba yangu akiwa mpiga fidla, na kwetu anayetaka kukijua kikundi haulizi tu kilianzishwa lini. Huuliza nani aligombana na nani, na kwa ajili gani. Ndivyo nilivyotaka kuijua okestra inayobeba jina la Arturo Toscanini, mtu wa Parma aliyesifika kwa kuongoza okestra; ni okestra ya mkoa mzima wa Emilia-Romagna, iliyoanza mwaka 1975 na yenye makao yake Parma.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na lazima niseme hivyo hata kama bado nina hasira. Tukiwa mbele ya Teatro Regio, mwongozaji alitusimulia habari za Maria Luigia, mtawala wa Parma, ambaye ukumbi huo ulifunguliwa katika enzi yake mwaka 1829, na jinsi okestra ya jumba lake ilivyokabidhiwa mwaka 1835 kwa Niccolò Paganini, mpiga fidla aliyekuwa mashuhuri Ulaya nzima. Paganini akatunga kanuni mpya za kuisuka upya okestra ile, akagongana na wakuu wa jumba, na mwaka uliofuata akaondoka. Hata hivyo amezikwa Parma, katika makaburi ya Villetta, baada ya mwili wake kuhangaishwa miaka mingi kwa sababu Kanisa lilikataa azikwe kwa heshima za Kikristo. Mwongozaji aliyasimulia hayo kwa utulivu na kwa mapenzi, nami nikajiambia kwamba nauli yangu haikupotea.

Tukavuka mto hadi mtaa wa Oltretorrente, kwenye nyumba alimozaliwa Toscanini mwaka 1867. Hapo tukaelezwa kwamba alisomea cello katika shule ya muziki ya mji huo, na kwamba mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 19, aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha mpigaji huko Rio de Janeiro akaongoza opera ya *Aida* bila kutazama karatasi za muziki. Nikasubiri habari ya yaliyompata katika mji wa Bologna. Haikuja. Mwongozaji alipogeuka kuondoka, nikamwuliza kwa adabu: na yale ya mwaka 1931?

“Signora, hayo ni mambo ya siasa, na sisi tuna ratiba.” Nikamweleza kwamba kwangu ndiyo sababu ya kuja. Akanijibu kwa sauti iliyofika mtaa wa pili kwamba anayetaka darasa aende chuo kikuu, akatupa mgongo. Wenzangu wakatazama chini. Mimi ni mtu mzima, nimelipa kama wao, na sijawahi kuaibishwa namna ile kwa kuuliza jambo linalohusu kabisa kile nilichouziwa.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi Mei 1931 Toscanini alikwenda Bologna kuongoza onyesho la kumkumbuka mtunzi Giuseppe Martucci, akakataa kuupigisha wimbo wa chama cha Kifashisti kilichokuwa kikitawala Italia, na Mafashisti wakamshambulia nje ya ukumbi na kumpiga usoni. Serikali ikamnyang'anya pasipoti kwa muda. Hakuongoza tena okestra nchini mwake hadi mwaka 1946, ukumbi wa opera wa La Scala, Milano, ulipofunguliwa upya baada ya kubomolewa na mabomu ya vita. Bologna leo ndio makao makuu ya Emilia-Romagna. Maana yake mkoa ule ule alimopigwa kofi ndio unaoigharimia okestra yenye jina lake! Ukiliondoa kofi hilo, jina la okestra linabaki kuwa kibao tu cha mlangoni.

Kituo cha mwisho kilikuwa Auditorium Paganini, kiwanda cha zamani cha sukari kilichogeuzwa na msanifu majengo Renzo Piano kuwa ukumbi wa muziki mwaka 2001. Tulipewa dakika kumi za kupiga picha, tukaagana. Jioni nilirudi peke yangu kuisikiliza okestra. Kuta za mwisho za jengo ni za vioo, kwa hiyo nyuma ya wapigaji unaiona miti ya bustani, na fidla zilipoingia kwa pamoja katika sehemu ya polepole ya simfoni ya Beethoven, mikono yangu ilitetemeka. Nilitoka pale nikiwa tayari kusamehe. Nilikiri moyoni kwamba bila masimulizi ya Paganini nisingesikiliza kwa makini kiasi kile, nikayapa matembezi yale nyota tatu hapa kwenye ukurasa wa maoni ya wateja.

Juzi kampuni ikanijibu kwamba mwongozaji wao ana uzoefu mkubwa na kwamba mteja “alikatiza maelezo”. Sikukatiza neno, niliuliza baada ya yeye kunyamaza. Tena, aliyeweza kusimulia ugomvi wa Paganini kwa ufundi ule hakushindwa kusimulia wa Toscanini. Aliamua tu, na mimi nikatukanwa juu yake. Nyota mbili nimezifuta. Iliyobaki ni ya Paganini. Mtu mwenye nafasi ya kwenda Parma anunue tiketi ya okestra, na kutoka Teatro Regio hadi nyumba ya Toscanini aende kwa miguu yake mwenyewe.